Chati ya Maji ya Kitanda cha Saba

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa, wauguzi wa wodi walinipa keki, kitenge na daftari. Keki tuliimaliza palepale, kitenge nimekwisha kushona, na daftari ndilo hili. Walisema, Sista Minza, tuandikie uliyoyaona. Nadhani walitaka niwaeleze namna ya kupata mshipa kwa mtu aliyekaukiwa maji, maana kwa hilo nilisifika na sioni haya kusema. Lakini mshipa mtajifunza kwa kuchoma na kukosa, kama nilivyojifunza mimi. Ninachotaka kuwaandikia ni habari ya maji, yanayoingia kwa mgonjwa na yanayotoka, na jinsi nilivyoyaandika vibaya nilipokuwa nimeshazeeka kazini na nafundisha wengine.

Nilianzia wodi ya wanaume, hospitali moja hapa Mwanza mjini, nikiwa na viatu vyeupe vilivyonizidi namba moja na woga uliozidi viatu. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Perpetua, Mkerewe mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na ndiyo maana tulimwogopa. Asubuhi ya kwanza alinipa jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia, akanituma nikapime mkojo wa mzee mmoja wa kitanda cha pembeni. Nikapima nimesimama, nikatupia jicho, nikaandika mililita mia sita. Akaja na kuuliza mkojo uko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeshaumwaga na jagi nimeliosha.

"Umemwaga ushahidi, binti," akasema.

Akanipeleka bombani. Nikajaza maji, nikaweka jagi mezani, nikainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, nikasoma, nikamwaga, nikajaza tena. Wenzangu walikwenda kunywa chai wakarudi, mimi bado nainama. Mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimeadhibiwa au ndiyo kazi yenyewe, nikamwambia hata mimi sina hakika. Nilimchukia Sista Perpetua wiki nzima.

Niliacha kumchukia wakati wa kipindupindu. Watu waliletwa kutoka vijiji vya kandokando ya ziwa, wengine wamebebwa juu ya mlango uliong'olewa, macho yamedidimia, mshipa wa mkono haupigi. Tuliwalaza kwenye vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Perpetua alizunguka na jagi lake, akipima kila ndoo kwa kuinama vilevile, kisha anatuambia huyu amepoteza lita tatu, mrudishieni tatu. Hakukuwa na ufundi mwingine. Niliona mtu aliyeletwa asubuhi kama maiti, na alasiri ameketi anagombana na ndugu zake kuhusu kofia yake iliyopotea. Nikaelewa kwamba ile namba ninayoandika kwenye chati si mapambo ya faili.

Perpetua alistaafu, akarudi kwao Ukerewe kufuga kuku. Wagonjwa wakaongezeka, sisi tukabaki walewale. Sijui ni siku gani hasa tulianza kuwaachia ndugu jagi. Haikuandikwa popote wala hakuna aliyeamuru. Mgonjwa asiyejiweza aliruhusiwa kukaa na ndugu mmoja wa kumhudumia, na huyo ndugu alikuwa pale muda wote, hana kazi nyingine, anampenda mgonjwa kuliko sisi. Tukamwelekeza: akinywa, kumbuka; akikojoa, pima, utuambie. Sisi tukawa tunapita na kalamu. Kusema kweli, kina mama wengi walipima vizuri kuliko wanafunzi wetu. Nikayaona hayo ni maendeleo.

Sasa nije kwa Lubango, ambaye ni wa miaka yangu ya mwisho kazini.

Aliletwa Jumatatu akiwa ameegemea kaka zake wawili. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Nyakato, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mikono imejaa makovu ya cheche. Mwezi mmoja nyuma aliugua mafua makali, yale ya virusi yaliyopita mitaani yakawa yanalaza nyumba nzima. Wenzake walipona. Yeye alibaki na kichwa kinachouma nyuma ya macho, kichefuchefu, na uchovu wa kushindwa hata kuinua nyundo. Alikwisha kutibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja, kama tunavyomfanyia kila mtu aliyechoka na vipimo vyake havisemi kitu. Mganga mmoja wa upande wa Magu alimwambia amerogwa na fundi mwenzake, na huyo fundi mwenzake ndiye aliyewatafutia gari la kuja hospitali.

Presha yake ilikuwa chini, sukari chini, na chumvi ya damu, yaani sodiamu, chini sana. Daktari wa mafunzo aliyempokea alisoma ile chumvi akafanya alivyofundishwa darasani: maji yamezidi mwilini, yapunguzwe. Akaandika mgonjwa asipewe zaidi ya lita moja kwa siku. Mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaiandika kwa chaki kwenye ubao wa juu ya kitanda cha saba.

Kaka zake walirudi kazini. Mkewe, Kabula, alikuwa na siku kumi tangu ajifungue, hawezi kukaa hospitali. Kwa hiyo mama yake Kabula akaja kutoka Kisesa kumuuguza mume wa binti yake. Nilimpokea mlangoni kwa salamu ya kwetu, mwangaluka, akafurahi kusikia Kisukuma, tukaulizana koo mpaka tukajikuta karibu ndugu. Akaniambia waziwazi kwamba yule kitandani ni mkwe wake.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa Kisesa hiyohiyo. Najua mama mkwe na mkwe wa kiume wanavyoheshimiana kwetu. Hawali pamoja, hawagusani, mama hakai kwenye kitanda cha mkwe wake. Marehemu mume wangu, mama yangu akiwa uani, alizunguka nyuma ya nyumba hata kama mvua inanyesha. Hayo yote nayajua. Lakini nikivaa gauni jeupe nilikuwa nayaacha getini, na siku ile nikampa yule mama jagi na chupa ya kukojolea, nikamwonyesha mistari, nikamwambia ahakikishe anapima kila kitu.

Akaitikia "ndiyo, Sista," huku anaangalia sakafu. Alipokaa kwenye stuli, alikipa kitanda mgongo, akatazama dirishani. Nikasema moyoni, huyu mama ana adabu zake. Nilimsifu kabisa, nikapita.

Na kuhusu lile agizo la ubaoni nilimkazia zaidi, maana ndugu hudanganywa na huruma. Nilimwambia lita moja tu, mama. Hata akilia. Ukimwongezea, unamuua. Nakumbuka nilinyoosha kidole.

Jumanne ikaja raundi ya Daktari Neema, daktari bingwa wetu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye tabia ya kumwangalia mgonjwa kabla ya faili. Alisimama kitanda cha saba kwa muda, akauliza habari za yale mafua, akauliza kama ndevu zinaota kama zamani. Lubango akashangaa, akasema kwa kweli amenyoa mara moja tu tangu augue. Daktari Neema akatuambia anashuku mwili umekosa homoni ya kuhimili shida, na kosa huenda liko kichwani, kwenye tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya choroko na inaziamuru tezi nyingine zote. Akachukua damu ya vipimo vya kupeleka mbali, akaagiza sindano ya haidrokotisoni ianze bila kusubiri majibu.

Jamani, ile sindano! Asubuhi yake Lubango alikuwa ameketi anadai ugali na sato. Presha ilipanda. Kaka zake walipokuja walikuta anacheka, mmoja akatoka nje kufuta machozi akisingizia simu. Sisi sote tulifurahi, na katika furaha hiyo hakuna aliyeangalia ubao. Lita moja ikabaki pale juu.

Jumatano alasiri alianza kulalamika kiu. Muuguzi wa zamu akamwonyesha ubao, akamwambia vumilia, kaka. Alhamisi akawa mkali, midomo imepasuka. Ikafika mahali akamwita mama mkwe wake kwa jina la mkewe, na yule mama akajifunika uso kwa kanga. Tulijua basi kwamba akili zimeanza kumtoka.

Daktari Neema alirudi haraka. Alitaka chumvi ya damu irudiwe, lakini mashine yetu ilikuwa imeishiwa vitendanishi, zile dawa za kupimia, tangu jana yake. Basi akaomba chati ya maji. Nikamsomea mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: yaliyoingia lita moja, yaliyotoka mililita mia nane. Jana vivyo hivyo. Akaguna. Akasema kwamba angekuwa anakojoa sana angejua ni kitu gani, lakini kwa chati hii hapana, labda sasa ni maambukizi ya ubongo au ni ugonjwa wa akili. Daktari wa mafunzo akaanza kuandika barua ya kumwita daktari wa akili. Nikafunga chati, nikaipachika miguuni pa kitanda.

Na namba zile zilitoka wapi? Nitawaambia. Mara nne kwa siku tulimwuliza yule mama mgonjwa amekojoa kiasi gani. Naye aliinamisha kichwa akajibu, "kidogo tu." Mimi nikachukua hiyo kidogo tu ya mama mkwe, nikaigeuza kuwa mililita mia mbili, nikaweka saini.

Ijumaa asubuhi Leticia, mama wa usafi, alinifuata amekasirika. Lile pipa la maji la chooni, ambalo lilikuwa likimfikisha jioni, siku hizi linaisha saa nne. Nikamwambia aripoti kwa fundi bomba. Akasema si bomba, ni yule wa kitanda cha saba. Anajikokota kwa kushika ukuta, kila baada ya muda mfupi yuko chooni, anakojoa kama amefungulia koki. Halafu akanisogelea, akashusha sauti.

"Sista, leo nimemkuta anakunywa. Kwa lile kopo la kutawazia."

Sikumbuki nilivyofika kule. Nilimkuta Lubango ameegemea mlango wa choo, kopo mkononi, maji yanamchuruzika kidevuni. Alinitambua. Akaficha kopo nyuma yake kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Nikamwuliza kwa nini hakutumia chupa ya mkojo pale kitandani. Akaniangalia kana kwamba mwenye kuchanganyikiwa ni mimi.

"Mama yupo pale, Sista. Nitamwachiaje mkwe wangu mkojo?"

Mtu aliyekuwa ameanza kusahau majina, hilo hakulisahau. Na mimi mwenye akili zangu timamu nilikuwa nimelisahau.

Nilimrudisha kitandani, nikamwomba mama mkwe akapumzike nje, nikavuta pazia. Nikampa Lubango jagi kubwa la maji safi, akalinywa bila kupumua, nikampa la pili. Kisha nikapima. Niliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari. Ndani ya saa mbili alitoa zaidi ya lita mbili, mkojo mweupe kama maji ya bomba, hauna rangi wala harufu. Nikafuta ubao kwa kiganja changu, kisha nikampigia simu Daktari Neema.

Alipofika na wanafunzi wake, nilikuwa nimeshaamua. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema mbele ya wote kwamba chati ya kitanda cha saba ni ya uongo, si kwamba ilikosewa, ni ya uongo. Nikasema namba zile hakuna aliyezipima, mimi ndiye niliyezikadiria na kuziwekea saini, na jana nilimsomea daktari nikijua sijapima. Mwanafunzi mmoja akatazama viatu vyake. Daktari Neema akaichukua ile chati, akaisoma upya mstari kwa mstari. Nilimpenda yule binti kama mwanangu, na nilikuwa naona haya mpaka masikio yanawaka. Hatimaye akasema, "Andika hivyohivyo kwenye faili, Sista," na akaanza kazi.

Damu tulipeleka maabara nyingine mjini kwa pikipiki. Chumvi iliyokuwa chini Jumatatu sasa ilikuwa imepanda juu ya kiwango cha hatari. Daktari Neema alitufafanulia palepale. Ile tezi inahifadhi pia homoni inayoziambia figo zishike maji. Homoni hiyo nayo ilikuwa imekwisha, lakini haikuonekana mwanzoni, kwa sababu mwili uliokosa ile homoni ya kwanza hauwezi kutoa maji hata ukitaka. Sindano iliyomwinua ndiyo iliyofungua mlango. Tangu Jumatano alikuwa anamwaga lita kwa lita, na sisi tunamrudishia moja. Kilichomfikisha Ijumaa akiwa hai ni maji ya pipa la chooni.

Dawa ya kushika maji hatukuwa nayo, na nilipiga simu maduka ya dawa mpaka sikio likauma. Mwisho nikampata Bwana Kirit, ambaye babu yake alifungua duka hapa mjini, na ambaye Kisukuma chake kinawashinda wanangu. Alikuwa na vidonge vichache vya dawa hiyohiyo, alivyokuwa amemwagizia mteja mmoja mwenye mtoto anayekojoa kitandani. Alivileta mwenyewe, akitembea haraka kuliko umri wake, akaomba tumweleze mzee gani amerudia utoto. Jioni ile Lubango akakojoa mara mbili tu. Nilipima zote mbili.

Picha ya MRI ilionyesha tezi imevimba na kikonyo chake kimenenepa. Majibu ya damu yaliporudi, karibu kila homoni ya tezi ile ilikuwa chini. Daktari Neema aliwaeleza ndugu kwamba kinga ya mwili ilipotoka kupigana na virusi vya mafua haikurudi kambini, ikaivamia tezi ya mwenyewe. Ni ugonjwa wa nadra, na hatukukata kipande cha tezi kukihakikisha, kwa hiyo aliliandika jina lake kwa tahadhari. Lakini matibabu yaliitikia, kichwa kikaacha kuuma, na akili zikarudi zote, pamoja na utani. Dawa atakunywa, labda maisha yake yote, na siku akiugua homa lazima aziongeze. Nilimfundisha mkewe hayo mpaka akaanza kunisahihisha.

Kwenye wodi tulibadilisha mambo mawili matatu. Chati ya maji ikarudi kwa muuguzi, na ndugu akishika jagi, kwanza aulizwe ni nani kwa mgonjwa na kama anaweza kufanya kazi hiyo bila aibu. Ubao ukawa unafutwa kila asubuhi na kuandikwa upya. Wengine walinung'unika kwamba Sista Minza amekuwa mkali uzeeni. Nikawaambia wana bahati kwamba hawakumjua Perpetua.

Siku ya kuruhusiwa nilimwomba radhi Lubango. Nilijiandaa kwa maneno mengi, akanikata kwa kicheko, akasema yeye anakumbuka sindano tu, hayo ya chooni ni kama aliota, na kwamba nikihitaji geti nimtafute. Nilifarijika haraka mno, naona sasa.

Mama Kabula alikuwa nje kwenye benchi, fungu la nguo miguuni, akisubiri gari. Nilikaa karibu naye. Kwa Kisukuma nikamwambia yote: kwamba agizo lilikuwa langu, kwamba jagi halikupaswa kuwa mkononi mwake, kwamba yeye alitii tu nilichomwamuru, na mtu aliyekosea ni mimi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha, akiwa anatazama mbali, akanieleza jambo ambalo hakulimwambia mtu. Ile Alhamisi, wodi ilipotulia mchana, Lubango aliteremka kitandani akapiga magoti mbele ya stuli yake. Mkwe ambaye kwa miaka saba hakuwahi kumwangalia usoni alimwinulia uso, akamwomba maji. Yeye akaifunika chupa ya maji kwa kanga, akageukia dirisha.

Nikamwambia tena, mama, usijibebeshe, mimi ndiye niliyekukataza.

"Najua, Sista," akasema. "Lakini aliniomba mimi."